Gari la Wagonjwa la Viti Viwili

Iko nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, si kwa woga bali kwa utii. Sheria ya huko inakataza nchi kutajwa bila kibali, kibali hutolewa Alhamisi tu, na leo ni Jumanne. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina barabara ya lami laini kabisa, ya kilomita nne, inayotoka lango la Ikulu hadi uwanja wa ndege. Barabara nyingine zipo pia, ila hizo zilichongwa na mvua.

Mwaka mmoja Mheshimiwa Rais wa nchi hiyo alitangaza kwamba maendeleo ni mbio. Mawaziri wake ni watu wasikivu. Kabla wiki haijaisha kila mmoja alikuwa ameagiziwa gari la spoti, lile la viti viwili, fupi, lililolala chini kama mjusi, lenye mngurumo wa kuamsha mtaa mzima. Na kwa kuwa baraza la mawaziri lilivunjwa na kuundwa upya kila baada ya miezi minane, na kwa kuwa waziri mpya hawezi kukalia kiti cha waziri aliyeanguka, kila baraza jipya lilikuja na magari mapya. Yale ya zamani yalipelekwa Yadi Kuu ya Magari Yaliyopumzishwa. Wajuzi wa mambo wanasema hapakuwa na magari ya mtumba bora kuliko yale. Yalikuwa hayajachoka. Yalikuwa yametembea kilomita chache mno, maana hapakuwa na mahali pa kuyatembezea.

Hapa ndipo anapoingia Mwalimu Zefania Mtulya.

Mwalimu Mtulya alikuwa amestaafu ualimu wa hesabu katika Kata ya Mlimbwike, mbali kabisa na zile kilomita nne za lami. Nusu ya kata ilijifunza kuhesabu mbele ya fimbo yake, na nusu nyingine ilizaliwa na hao. Alikuwa na sifa moja iliyovuka mipaka ya kata: tangu azaliwe hajawahi kulipa bei ya kwanza. Siku moja alikwenda kununua jembe, akarudi na jembe, mpini, na kofia ya muuza majembe. Watu walimpenda kwa hilo. Yeye mwenyewe, tuseme ukweli, alijipenda kwa hilo zaidi kuliko walivyompenda wao.

Kwa hiyo Mlimbwike walipomaliza kuchanga kwa misimu miwili ili wanunue gari la wagonjwa, hakuna aliyeuliza nani atumwe mjini. Kila kaya ilikuwa imetoa kitu. Kuna aliyetoa debe la alizeti, kuna aliyetoa jogoo. Bi Nyanjige, mjane aliyekuwa akiishi kwa kushona nguo, aliuza cherehani yake.

Bi Nyanjige alikuwa na sababu. Binti yake wa kwanza, Sesilia, alifariki akiwa na uchungu wa uzazi, juu ya keria ya baiskeli, katikati ya njia ya kwenda hospitali ya wilaya. Kule Mlimbwike mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, awe hai au asiwe hai, na kwa hiyo mama huyu alilisikia jina hilo kila aliposalimiwa. Sasa binti yake wa pili, Kalunde, alikuwa mjamzito. Alikuwa na kovu la upasuaji wa uzazi uliopita, na Nesi Generoza wa zahanati alishasema bila kumung'unya maneno: huyu asithubutu kujifungulia hapa. Siku ikifika apelekwe hospitali, na apelekwe amelala.

Siku Mwalimu anaondoka, Bi Nyanjige alimsindikiza hadi mwisho wa shamba la kanisa.

"Mwalimu, mimi magari siyajui," alisema. "Naomba tu liwe na mahali pa mtu kulala."

"Mama Sesilia," Mwalimu alijibu akicheka, "leo umeniona mimi mtoto?"

Yadi Kuu ilikuwa na ukuta mrefu na bustani ya maua. Afisa aliyempokea aliitwa Bwana Kisinza. Cheo chake kilikuwa kirefu kiasi kwamba kiliandikwa kwenye vibao viwili mezani, cha kwanza kikisema Afisa Mwandamizi wa Uokoaji, na cha pili, wa Fedha za Umma. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Alimkaribisha Mwalimu chai ya maziwa na mandazi mawili, akamwambia ajisikie yuko nyumbani.

Nyuma ya vyoo kulikuwa na magari mawili meupe ya wagonjwa. Moja lilikuwa limebonyea mlango. Mwalimu alifungua mlango wa nyuma, akakuta kitanda kimefungwa vizuri kwa mikanda, na ndoano ya kutundikia chupa ya maji ya mgonjwa. Hakuridhika kwa kuangalia. Alivua viatu, akapanda, akalala chali, akanyoosha miguu. Ilitosha.

"Hili," alisema akiwa bado amelala. Haya Mwalimu aliyaona kwa macho yake na kuyapima kwa mgongo wake, na nayasema hapa ili isije ikadhaniwa baadaye kwamba hakuyajua.

Walipatana bei kwa saa moja na nusu. Gari lilitajwa kuwa la milioni ishirini, Mwalimu akalishusha hadi kumi na nane, na Bwana Kisinza akakubali huku akijifuta jasho. Kisha akatoa fomu. Ilikuwa fomu nzuri, yenye nembo ya taifa, na katikati kulikuwa na kisanduku kikubwa kilichoandikwa Kiasi Kilichookolewa. Bwana Kisinza akaandika: milioni mbili. Akaiweka kalamu chini. Uso wake ukajaa majonzi.

"Mbili tu, Mwalimu?"

"Kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya. Ila nawafikiria wananchi wako." Akainuka, akamshika Mwalimu mkono, akampeleka upande wa pili wa bustani. Pale, chini ya turubai jeupe, lilikuwa gari jekundu. Lilikuwa la Waziri wa Kilimo wa baraza lililopita. "Hili, Mwalimu, likiwa jipya ni milioni mia mbili. Serikali inaliachia kwa kumi na nane. Hebu nifanyie hesabu, wewe ndiye mwalimu wa hesabu."

"Mia na themanini na mbili," alisema Mwalimu kabla hajajizuia.

"Zinaokolewa! Sasa ukichukua lile jeupe unaokoa mbili. Mia na themanini nzima za wanyonge wa Mlimbwike zinapotea. Nani kazipoteza?" Bwana Kisinza aliinamisha kichwa. "Mimi sisemi ni wewe. Hesabu ndiyo inayosema."

Mwalimu Mtulya alikuwa amefundisha kutoa na kujumlisha kwa miaka thelathini na minne. Aliitazama ile hesabu mbele na nyuma, na haikuwa na kosa hata moja. Alijua pia kwamba ilikuwa ya kipuuzi. Angeweza kusema hivyo, akanywa chai yake, akaondoka na gari jeupe.

"Lijaribu tu," alisema Bwana Kisinza. "Kujaribu hakulipiwi."

Basi akaingia. Ilibidi ajikunje, ashuke kama anayeingia kisimani, kisha kiti kikamdaka. Kilikuwa cha ngozi nyekundu, kinanukia viatu vipya. Kilimshika kiuno, kikamshika mabega, kikamshika na ile sehemu ya mgongo iliyomuuma tangu enzi za kukalia viti vya shule vya miguu mitatu. Akashika usukani. Akajiona anapita mbele ya ofisi ya elimu ya wilaya, pale kwenye benchi la nje alipokaa siku nyingi akisubiri mafao yake huku vijana aliowafundisha wakipita na mafaili bila kumwona. Sasa wangemwona. Wangetoka nje wote, pamoja na mhasibu. Kwa dakika chache Mwalimu hakuwa mwalimu wa mtu yeyote, wala mjumbe wa kata yoyote, na Kalunde hakuwapo duniani.

Bwana Kisinza alisimama pembeni akisubiri. Ni mtu mzoefu, alijua ni dakika ngapi.

Fomu ya pili ilikuwa ya kubadilisha matumizi ya gari. Ilikuwa na swali moja gumu: Je, gari lina nafasi ya mgonjwa? Mwalimu alisita. Bwana Kisinza akamwuliza kwa upole kama mgonjwa si mtu, na kama mtu hakai kitini. Mwalimu akaandika Ndiyo. Gari likagongwa mhuri wa Gari la Wagonjwa, Daraja la Kasi, likafungiwa king'ora juu, na mlangoni likabandikwa msalaba mdogo. Msalaba mkubwa haukuenea.

Gari lilifika Mlimbwike siku tatu baadaye, limepakiwa juu ya lori la magunia, kwa sababu lenyewe lisingeweza kupita njia ya kwenda huko. Jambo hilo halikumshangaza yeyote, au kama lilimshangaza hakusema. Waziri wa Ubanaji Matumizi alikuja kulizindua. Yeye alikuja kwa helikopta, ili kubana muda.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri baada ya kukata utepe, "kuna wenzenu katika kata nyingine wananunua magari ya wagonjwa yanayojikongoja. Mgonjwa anafika amechoka kuliko alivyoondoka! Ninyi mmekataa unyonge. Gari hili linatoka sifuri hadi mia kwa sekunde nne. Nawauliza, ni ugonjwa gani unaoweza kulishinda mbio?"

Makofi. Waziri akaeleza kwamba Mlimbwike imeokoa milioni mia na themanini na mbili, na kwamba fedha hizo zipo. Mzee mmoja akataka kujua zipo wapi. Akaambiwa zipo katika hali ya kuokolewa. Makofi tena.

Ndipo Nesi Generoza aliponyoosha mkono kutoka nyuma, akiwa na koti lake la kazini.

"Samahani, Mwalimu. Mgonjwa analala wapi?"

Alimwuliza Mwalimu, si Waziri. Mwalimu Mtulya alihisi joto linampanda kutoka shingoni hadi masikioni. Pale ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Badala yake alikwenda garini, akainama, akavuta kile kishikio kilichopo ubavuni mwa kiti cha abiria. Kiti kikarudi nyuma kidogo, kikagota.

"Kiti kinalala, Nesi," alisema, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia darasani mwanafunzi anapouliza swali lililokwisha kujibiwa.

Watu wakatazama kiti. Wakamtazama Mwalimu. Kule Mlimbwike mtu mzima hakosolewi hadharani, na aliyewafundisha watu kuhesabu ndiyo kabisa. Hupigiwa makofi, kisha kila mtu huenda kuzungumza nyumbani kwake na mlango umefungwa. Ni adabu nzuri na imeilinda kata dhidi ya ugomvi kwa miaka mingi. Makofi yakaanzia mbele, yakaenda hadi nyuma. Waziri akamvisha Mwalimu nishani ya Mwokoaji Bora, yenye utepe wa kijani, akapanda helikopta yake, na vumbi likawafunika wote.

Kuanzia siku ile Mwalimu Mtulya alisubiri kufokewa. Alipita sokoni polepole, akiwapa watu nafasi. Alikaa kwenye kibao nje ya nyumba yake, uso ukielekea njiani. Hakuna aliyemfokea. Wakawa wanamwamkia kwa heshima kuliko zamani, shikamoo zikawa ndefu, na wengine waliinama kidogo ili wasimtazame machoni. Nishani aliivua, akaiweka kwenye kopo la sukari, halafu akaona aibu hata ya kunywa chai. Njia ya kwenda kisimani ilipita nyumbani kwa Bi Nyanjige. Yule mama sasa alikuwa akishona kwa mkono, nguo moja kwa siku mbili. Mwalimu akaanza kuzunguka kwa nyuma, kupitia kwenye michongoma, na kanzu yake ikachanika. Hakujua ampelekee nani aishone.

Alijiambia kwamba huenda Kalunde asilihitaji gari. Huenda mambo yakawa mepesi. Mtu aliyekosa huwa na huenda nyingi.

Uchungu ulimshika Kalunde asubuhi ya Jumamosi, jua likiwa tayari limepanda. Dereva alikuwa Bwana Sunzu, aliyewahi kuendesha trekta la chama cha ushirika, mtu makini. Alileta gari mlangoni kwa Bi Nyanjige na king'ora kikilia. King'ora kilikuwa kikali sana na hakikujua kunyamaza.

Kumwingiza Kalunde tu kulichukua muda. Mlango wa gari ulikuwa chini ya usawa wa magoti yake. Alishikwa makwapani, akashushwa, akakunjika, akalia, akatolewa. Wakajaribu kumwingiza kwa kutanguliza miguu. Wakajaribu kumgeuza. Nesi Generoza akavuta kile kishikio, kiti kikarudi nyuma kidogo kikagota palepale kilipogota siku ya uzinduzi, akakivuta tena, na akamtazama Mwalimu mara moja tu. Hatimaye Kalunde akakaa, tumbo likiwa limebanwa kati ya mapaja na dashibodi. Nesi hakuwa na pa kukaa. Akasema atafuata mbio kwa miguu.

Hakukimbia sana. Gari lilikwenda hatua mia na arobaini. Pale penye mfereji wa maji ya mvua, karibu na ghala la alizeti, lilishusha pua, likapandisha mkia, kisha tumbo lake likakaa juu ya tuta la udongo, na magurudumu yote yakabaki yanazunguka hewani. Bwana Sunzu alikanyaga mafuta. Mngurumo ulisikika hadi kata ya jirani. Kalunde alikuwa akipiga kelele ndani, lakini kwa king'ora na mngurumo walimwona tu mdomo umefunguka.

Wanaume wanane walilinyanyua gari wakaliweka ng'ambo ya mfereji. Mbele yake, umbali wa kama kutupa jiwe, kulikuwa na mfereji mwingine. Baada ya huo kulikuwa na njia yote iliyobaki.

"Zima hiyo!" Nesi Generoza alipaza sauti. "Zima, mtoeni! Nileteeni spana na magogo mawili!"

Wakakifungua kile kiti. Bwana Sunzu alilala chini ya usukani na kufungua boliti nne huku akilia waziwazi. Kilipotoka waliona ya kwamba kilikuwa kinagota kwa sababu ya ukuta wa nyuma tu. Nje ya gari kiliweza kulala chini kabisa, kikanyooka kama kitanda. Wakakifunga kwenye magogo kwa kamba za magunia, wakamlaza Kalunde, wakabeba.

Mwalimu Mtulya alishika ncha ya mbele kushoto. Alikuwa na miaka sitini na sita. Kila walipotaka kumpokea alikataa, na kila alipokataa walimwambia, "Pole, Mwalimu," na neno hilo lilimwingia kuliko lile gogo lilivyokuwa likimchubua bega. Bi Nyanjige alitembea kando yake mwendo wote, ameshika mkono wa binti yake. Walipofika mahali fulani, penye mti wa mkwaju na kichuguu, alifumba macho akapita hivyo hivyo, amefumba. Mwalimu akakumbuka kwamba Sesilia alifia hapo.

Saa tisa alasiri walifika njia panda, wakakuta lori la mchanga, likawachukua. Kalunde alifika hospitali akiwa hai na daktari akamwokoa. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa mkubwa, mzuri, na kimya. Daktari alisema amechelewa kwa saa mbili hivi.

Wiki tatu baadaye, Bwana Kisinza alikuja Mlimbwike kwa pikipiki ya kukodi. Alikuwa amechafuka vumbi hadi kwenye kope, na bado ana ile sauti ya kutoa pole. Alikaa sebuleni kwa Mwalimu, akatoa fomu.

"Ni ya ufuatiliaji," alisema. "Swali ni moja. Je, gari lilimfikisha mgonjwa hospitali?"

"Halikumfikisha. Sisi ndio tuliombeba."

"Juu ya nini?"

Mwalimu akatazama mlangoni.

"Nimesikia ni juu ya kiti," alisema Bwana Kisinza kwa upole. "Kiti ni mali ya gari. Kimo kwenye orodha ya vifaa, namba kumi na saba. Kwa hiyo sehemu ya gari ilimfikisha, na fomu haiulizi ni sehemu gani. Andika Ndiyo, Mwalimu. Kuna kata thelathini na moja zimekwisha kuchanga. Zinasubiri ushuhuda wako tu, zikachukue mekundu kama la kwenu. Wakiona ni wewe, mtu wa bei, hawatasita."

"Na mtoto?"

Bwana Kisinza aliigeuza fomu, akaisoma tena mbele na nyuma, kwa haki kabisa. "Hapa wameandika mgonjwa. Mtoto alikuwa hajaandikishwa."

Mwalimu alimwomba amwachie fomu hadi jioni. Akaichukua, akachukua kalamu, akatoka. Safari hii hakupitia kwenye michongoma.

Alimkuta Bi Nyanjige amekaa mkekani mlangoni, sindano mkononi. Kalunde alikuwa ndani amelala. Bi Nyanjige aliinuka haraka, kama inavyopasa mgeni wa heshima anapokuja.

"Karibu, Mwalimu. Karibu kiti."

Mle ndani kulikuwa na kigoda kimoja, mkeka, na kiti chekundu cha ngozi. Lori lililomrudisha Kalunde kutoka hospitali lilikishusha hapo pamoja naye, na hakuna aliyekuja kukichukua. Bi Nyanjige alikuwa amekifuta vumbi. Kilikuwa ndicho kiti kizuri kuliko vyote katika nyumba hiyo, na mgeni hupewa kiti kizuri. Hakukuwa na kejeli yoyote usoni mwake. Mwalimu aliutafuta sana uso ule, akitamani kuikuta.

"Nitakaa mkekani, Mama Sesilia."

"Hapana, Mwalimu. Wewe ukae chini mimi nikikutazama? Kaa."

Akakaa. Kiti kikamdaka kama siku ile, kiuno na mabega. Kilikuwa chini mno, magoti yakamfika kifuani, na ikabidi ainue macho kumtazama mama aliyesimama mbele yake.

"Nimekuja kukwambia jambo," alisema. "Kule yadi sikudanganywa. Gari jeupe nililiona. Nililala ndani yake, nikaenea. Nikaliacha. Nilikaa kwenye kiti hiki na nikakipenda, Mama Sesilia. Sikuwa na sababu nyingine. Nilikipenda."

Bi Nyanjige aliizungusha sindano vidoleni.

"Nifokee," alisema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nakuomba. Tangu siku ile hakuna aliyenifokea."

Bi Nyanjige aliketi kwenye kigoda. Akaichomeka sindano kwenye upindo wa khanga yake ili isipotee, akatulia.

"Sisi tulijua," alisema. "Lori liliposhusha gari tu, tulijua. Mimi nilijua kabla ya Nesi kuuliza. Nilikuona unavyoshuka, uso wako ulivyo, nikasema moyoni, huyu Mwalimu anaona haya, tusimwongezee. Nikasimama pale na binti yangu, tumbo lake hili hapa." Akaonyesha kwa mikono. "Ukasema kiti kinalala. Mimi nilipiga makofi, Mwalimu. Nilipiga kwa nguvu, usije ukaona kwamba sikupiga."

Chumba cha pili Kalunde alikohoa, akageuka kitandani.

Mwalimu akaiweka fomu juu ya goti, akaandika. Aliandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa, zilizosimama.

"Umeandika nini?" aliuliza Bi Nyanjige.

"Penye swali nimeandika Hapana. Penye maoni nimeandika: Gari hili halikumbeba mtu. Mtoto amefariki. Nilijua tangu nilipolikalia."

Bi Nyanjige aliitazama karatasi.

"Andika na kwamba tulipiga makofi," alisema.

Akaandika. Nafasi ya maoni ilikuwa mistari miwili tu, ikabidi aendelee nyuma ya karatasi.